Vienna kwa Miguu Yako: Meli Ikitia Nanga, Ingia Mjini na Swali Lako

Meli ya mtoni haikuingizi mjini. Inakushusha gatini, inakuambia saa ya kurudi, na kuanzia hapo siku inabaki mikononi mwako. Abiria wengi huikabidhi siku hiyo kwa kiongozi wa watalii mwenye bendera ndogo, wakamfuata kutoka jengo hadi jengo, na jioni wanarudi na picha nyingi. Mimi nawashauri wasomaji wa kwetu, wale ambao siku moja watapata nafasi ya kusafiri kwenye mito ya Ulaya, wafanye jambo jingine. Shuka mwenyewe. Chukua ramani, chukua maji, na muhimu kuliko vyote, shuka na swali unalotaka mji ule ukujibu.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za Arua mpaka nikastaafu. Nyumbani kwetu ni Koboko, pale Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini, na mimi ni Mnubi. Binti yangu ni muuguzi huko Passau, mji wa Ujerumani ulio kwenye mto Danube. Yeye ndiye aliyenilipia safari ya meli kutoka Passau kwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, na tukasafiri pamoja. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza kwa kuitembea Vienna peke yangu, nikiwa mwanamke mtu mzima aliyejifunga gomesi na kitambaa kichwani.

Meli hizi ni za namna gani

Anayezijua meli za baharini asizifikirie hizo. Meli ya mto Danube ni ndefu, nyembamba na fupi kwa kimo, kwa sababu lazima ipite chini ya madaraja na ndani ya milango ya maji iliyojengwa kwenye mabwawa ya umeme. Nyingi kati ya zile kubwa zina urefu wa meta 135 na upana usiofika meta 12. Ndani kuna vyumba vya kulala, ukumbi wa kulia chakula na sitaha ya juu ya kukaa na kutazama kingo za mto. Abiria hawafiki mia mbili kwa kawaida. Usiku meli inasafiri, asubuhi unaamkia mji mwingine.

Sisi watu wa West Nile, pembe ile ya Uganda, si wageni wa safari za namna hii. Zamani, kabla barabara hazijawa nzuri, meli za mvuke zilitoka Butiaba kwenye Ziwa Albert, zikateremka mto Nile kupitia Pakwach na Rhino Camp kuelekea Nimule. Vijana wetu waliokwenda kukata miwa kusini walizipanda, na pamba ya kwetu ilitoka kwa njia hiyo. Marehemu baba, aliyekuwa mfanyabiashara, alizitumia mara kwa mara, na alikuwa akitueleza jinsi meli ilivyosimama Rhino Camp na watu wakashuka kununua samaki na kusalimia jamaa. Ile meli ya Robert Coryndon, iliyokuwa kubwa kuliko zote ziwani, ilizama Butiaba mwaka 1964 maji ya ziwa yalipofurika. Kwa hiyo niliposimama juu ya sitaha kule Danube, jambo la kushuka mjini kutoka melini nilikuwa nimelisikia tangu utoto.

Swali langu kwa Vienna

Kila mwalimu wa historia wa West Nile amewahi kulitaja jina la Emin Pasha darasani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, Silesia, akasomea udaktari, akaingia katika utumishi wa Waturuki na baadaye wa Misri, na mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Ikweta, ambalo lilishika nchi zetu za kando ya Nile. Alikuwa na ngome Dufile, ambayo leo iko wilaya ya Moyo. Vita vya Mahdi huko Sudan vilipomkatia njia ya kaskazini, mwaka 1885 alirudi nyuma mpaka Wadelai, ambako leo ni wilaya ya Pakwach. Mwaka 1889 aliondoka na msafara wa mpelelezi Stanley, uliokuja kumwokoa, kuelekea pwani. Askari wake wengi walibaki nyuma chini ya ofisa wao Selim Bey, na mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaandika jeshini pamoja na wake zao na watoto wao. Hapo ndipo lilipo chimbuko kubwa la jamii ya Wanubi wa Uganda. Wazee wa familia yetu wanasema tumetoka kwa watu wa Selim Bey.

Emin hakuwa mtawala tu. Alikusanya ndege, wanyama, mimea na vitu vya watu, akavipeleka Ulaya. Ndege kadhaa aliowakusanya Ikweta walifika Vienna, na August von Pelzeln, aliyekuwa mtunza ndege wa makumbusho ya mfalme mkuu, aliandika maelezo yao miaka ya 1880. Vienna ilikuwa na uhusiano na Nile yetu hata kabla ya Emin. Padri Ignacij Knoblehar, Mslovenia, alifika katika nchi ya Wabari mwaka 1850 na baadaye akajenga misheni Gondokoro, karibu na mahali ilipo Juba leo, chini ya ulinzi wa Mfalme Mkuu Franz Joseph. Homa iliwaua wamisionari wengi na misheni ikafungwa. Mpiga picha Richard Buchta, aliyepiga picha za watu wa Ikweta miaka ya 1878 na 1879, alifia Vienna mwaka 1894.

Basi swali langu lilikuwa hili: mji huu ulitutazama vipi sisi watu wa Nile, na ulifanya nini na ulivyovichukua? Hakuna kiongozi wa kundi ambaye angenipeleka kwenye swali hilo. Asubuhi ile binti yangu aliniambia, "Mama, kundi linaondoka saa tatu kwenda kasri la Schönbrunn. Twende pamoja, usije ukapotea." Nikamjibu, "Mwanangu, wewe nenda na wenzako, hukupata likizo siku nyingi. Mimi nina shughuli mjini." Alikubali kwa sharti kwamba simu yangu iwe na chaji na nimpigie kila baada ya sala.

Kabla hujavuka ubao wa gatini

Meli haimsubiri mtu. Saa ya kurudi huandikwa kwenye ubao karibu na mapokezi, na kwa kawaida abiria wote hutakiwa kuwa ndani nusu saa kabla ya kuondoka. Iandike kwenye karatasi, usiitegemee simu peke yake. Pale mapokezi utapewa kadi ya meli. Ichukue, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba umetoka na ndiyo itakayokuingiza. Omba pia namba ya simu ya meli na jina la gati. Vienna ina zaidi ya gati moja, na wakati mwingine meli mbili au tatu hufungwa ubavu kwa ubavu, ukalazimika kupita ndani ya meli ya wenzako kufika nchi kavu. Ukirudi jioni unaweza kukuta meli yako imesogezwa. Piga picha ya gati na ya jina la meli.

Pasipoti mara nyingi hukaa mapokezi. Uliza kama unaruhusiwa kutoka nayo. La sivyo, beba nakala yake na ya viza. Sisi wenye pasipoti ya Uganda tunahitaji viza ya Schengen, na viza hiyo inatosha kwa Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary. Meli ikiendelea hadi Serbia, ulizia viza ya huko kabla hujalipa nauli, maana Serbia haimo katika mkataba wa Schengen. Namba ya dharura ni 112, katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Vaa viatu ulivyokwisha vizoea. Weka sarafu za euro mfukoni, kwa sababu vyoo vya umma vingi hutoza senti kadhaa. Chupa ya maji ichukue tupu. Vienna ina neema ambayo mtu wa kwetu ataithamini: maji ya bomba yanatoka kwenye chemchemi za milima ya Alps kupitia mfereji uliofunguliwa mwaka 1873 na mwingine uliofunguliwa mwaka 1910. Ni safi, baridi, na barabarani kuna mabomba ya kunywa bure. Sisi tuliokua tukibeba madumu kutoka kisimani tunajua maana ya mji kumpa mpita njia maji bila kumwuliza anatoka wapi.

Kutoka mtoni hadi katikati

Mgeni hudhani Danube inapita katikati ya Vienna. Sivyo. Mto ulikuwa ukifurika, na kati ya mwaka 1870 na 1875 ulinyooshwa ukapewa njia mpya mbali kidogo na mji wa kale. Karne iliyopita, kuanzia 1972 hadi 1988, walichimba mkondo wa pili wa kupokea mafuriko, na udongo uliotoka ukawa kisiwa chembamba chenye urefu wa kilometa 21, ambako leo watu hukimbia, huogelea na huendesha baiskeli. Kinachopita karibu na mji wa kale ni tawi dogo tu, liitwalo Donaukanal.

Meli nyingi hufungwa kwenye barabara ya Handelskai, karibu na daraja la Reichsbrücke. Daraja la zamani la jina hilo lilianguka asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1976, na hili la sasa lilifunguliwa 1980. Ukishuka utaona kanisa kubwa lenye paa jekundu kwenye uwanja wa Mexikoplatz. Lishike kanisa hilo kichwani, ndiyo alama yako ya kurudia. Uwanja huo ulipewa jina la Mexico mwaka 1956 kwa heshima: Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938, Mexico ilipinga waziwazi katika Shirika la Mataifa. Mji unaokumbuka waliousemea wakati wa shida ni mji wenye adabu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Vorgartenstraße, njia ya U1, yenye rangi nyekundu. Nunua tiketi kwenye mashine. Ina lugha ya Kiingereza. Sikiliza vizuri hapa. Hakuna geti la kukuzuia wala mtu wa kukata tiketi. Tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa muhuri unaitia katika kijisanduku kilichoko mlangoni, kinaipiga tarehe na saa. Ukisahau, wakaguzi waliovaa nguo za kawaida wanaweza kuingia wakati wowote, na faini inazidi euro 100. Kwenye ngazi za umeme simama upande wa kulia, wenye haraka wapite kushoto. Kituo cha nne kutoka Vorgartenstraße ni Stephansplatz. Ukipanda ngazi unatokea mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano.

Namna ya kutopotea

Mnara wa kusini wa kanisa hilo una urefu wa meta 136, na paa lake limepangwa vigae vya rangi mithili ya mkeka wa harusi. Ndani, sehemu ya nyuma huingia mtu bila malipo. Kengele yake kubwa, Pummerin, ilisubiwa mara ya kwanza mwaka 1711 kwa shaba ya mizinga ya Waturuki waliouzingira mji mwaka 1683 wakashindwa. Ilivunjika katika moto wa mwaka 1945, na shaba yake ikasubiwa upya. Nilisimama pale nikiwa Mwislamu, na nikaona ni vyema kulisoma jengo kama ninavyosoma kitabu cha historia: kila mshindi huandika ushindi wake mahali ambapo watu watausikia kila siku.

Vienna ya kale imezungukwa na barabara pana ya Ringstraße, iliyojengwa mahali palipokuwa na ukuta wa mji. Franz Joseph aliamuru ukuta ubomolewe mwaka 1857, na barabara ikafunguliwa mwaka 1865. Kila utakapokwenda katikati ya mji, mwishowe utaigonga Ringstraße au Donaukanal, na ukishaigonga unajua uko wapi. Zaidi ya hayo, mji una wilaya 23, na kibao cha kila mtaa kina namba ya wilaya kabla ya jina la mtaa. Ukiona namba 1, bado uko mji wa kale. Ukiona namba nyingine, umevuka. Kwa kanuni hiyo nilitembea siku nzima, na simu nikaiweka kwa ajili ya binti yangu.

Kutoka Stephansplatz nilipita mtaa wa Graben, nikakata kushoto Kohlmarkt hadi Michaelerplatz, na hapo unaingia Hofburg, kasri walimoishi wafalme wa ukoo wa Habsburg. Mwendo wote ni kama dakika kumi na tano. Njia za baiskeli zimechorwa juu ya lami; usizitembee, kwani baiskeli hazipunguzi mwendo. Na taa nyekundu ikiwaka subiri, hata barabara ikiwa tupu. Wenyeji wanasubiri.

Mahali ambapo bendera ya kiongozi haisimami

Kando kidogo ya Michaelerplatz kuna uwanja mdogo, Josefsplatz, penye maktaba ya taifa. Watu hupita wakitazama uzuri wake. Mimi nilikwenda pale kwa ajili ya mtu mmoja, Angelo Soliman. Alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utotoni akafanywa mtumwa, akaletwa Ulaya, na hapa Vienna akapanda kwa elimu na heshima yake: alitumikia nyumba ya wakuu wa Liechtenstein na alikuwa mwanachama wa chama cha Freemason pamoja na wasomi wa mji. Alifariki mwaka 1796. Kwa ruhusa ya Mfalme Mkuu Franz wa Pili, ngozi yake ilichunwa ikawekwa juu ya kiunzi na kuonyeshwa kwa watazamaji katika mkusanyo wa kifalme wa viumbe, amevikwa manyoya na ushanga. Mkusanyo huo ulikuwa hapa, katika majengo ya kasri. Binti yake, Josephine, aliomba apewe mwili wa baba yake auzike. Alikataliwa. Mabaki hayo yaliteketea katika moto wa ghasia za mwaka 1848.

Nilisoma Fatiha pale, nikamwombea yeye na binti yake. Kisha nikaendelea.

Ukivuka ua wa kasri unatokea Heldenplatz, uwanja mkubwa ambapo Hitler alihutubia umati mwaka 1938. Kwenye bawa jipya la kasri kuna Weltmuseum, makumbusho ya tamaduni za dunia, yaliyofunguliwa upya mwaka 2017. Humo kuna shaba za Benin, na kilemba maarufu cha manyoya ya ndege kutoka Mexico, ambacho Wamexico wamekidai kwa miaka mingi. Vitu vya watu wa Nile ya juu vilivyokusanywa na wasafiri wa karne ya 19 vimo katika hazina yake pia. Msomaji atakayekwenda na ajue kwamba vinavyoonyeshwa kwenye vyumba ni sehemu ndogo tu ya vilivyohifadhiwa. Ukitaka kuona kitu maalumu, waandikie wiki kadhaa mapema. Makumbusho huwa na watunzaji wanaojibu barua, na mtu anayetoka kwenye jamii iliyotengeneza kitu ana haki ya kuuliza kiko wapi. Angalia pia siku za kufungwa: mengine hufungwa Jumatatu, mengine Jumanne.

Ng'ambo ya Ringstraße kuna Makumbusho ya Historia ya Viumbe, yaliyofunguliwa mwaka 1889. Humo kuna sanamu ndogo ya mwanamke ya jiwe la chokaa, yenye urefu wa sentimeta 11 hivi na umri wa karibu miaka 30,000. Ilifukuliwa mwaka 1908 Willendorf, kijiji kilichoko kando ya Danube, na meli yetu ilikuwa imekipita. Huo ndio utamu wa kusafiri kwa mto: unaona ardhi kwanza, kisha unakutana na kilichotoka ndani yake.

Nikapanda ghorofa ya juu kwenye kumbi za ndege. Ngozi ambazo wanasayansi huzisoma hulazwa makabatini mbali na mwanga, kwa hiyo sikutarajia kuziona zile za Emin kwenye kioo. Lakini nilitembea taratibu katikati ya kabati zile nikiwaza juu ya watu wetu. Gavana alikuwa mmoja. Waliokuwa wanajua ndege fulani hulala mti gani, waliokwenda porini, waliobeba mizigo kutoka Wadelai na Dufile, walikuwa wengi, na katika vitabu vya Vienna majina yao hayakuandikwa. Nililipata jibu la swali langu hapo. Mji huu ulitutazama kwa makini sana, ukahifadhi vitu kwa uangalifu wa kusifika, na wenye vitu ukawaacha bila majina. Kazi ya kurudisha majina ni yetu, na inaanza kwa sisi wenyewe kwenda, kuuliza na kuandika.

Kahawa, chakula na sala

Miguu ikichoka, ingia mkahawani. Johannes Diodato, Muarmenia, alipewa ruhusa ya kuuza kahawa Vienna mwaka 1685, na tangu hapo mkahawa umekuwa sebule ya mji. Unaagiza kikombe kimoja, kinaletwa na bilauri ya maji, na unaweza kukaa saa nzima ukisoma magazeti bila mtu kukuharakisha. Mhudumu anapewa nyongeza ndogo juu ya bei. Mimi nilimwuliza mhudumu kahawa yao inatoka wapi, nikamweleza kwamba Paidha na vilima vya Zombo, kwetu West Nile, vinalima arabika nzuri sana. Akaniandikisha majina hayo kwenye karatasi yake.

Kwa anayekula halali, vibanda vya Waturuki viko sehemu nyingi. Uliza kwanza, maana nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida pale. Soko la Naschmarkt, karibu na kituo cha Karlsplatz, lina matunda, viungo, jibini na samaki, na mtu aliyezoea soko la Arua atajisikia nyumbani katika kelele zake. Jumapili soko na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo mahitaji yako yanunue mapema.

Sala niliikusudia Kituo cha Kiislamu cha Vienna, msikiti wenye kuba na mnara wa meta 32 uliofunguliwa mwaka 1979, ng'ambo ya Danube. Kutoka kituo cha Schwedenplatz unapanda U4 hadi Spittelau, unabadilisha kwenda U6 ya Floridsdorf, unashuka Neue Donau, na msikiti hauko mbali. Austria iliutambua Uislamu kwa sheria tangu mwaka 1912, wakati Bosnia ilikuwa chini yake. Akina mama niliosali nao walikuwa Wabosnia, Waturuki na Wasomali. Mmoja wa Wasomali hao alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi na alinisalimia kwa Kiswahili. "Dada, unatoka wapi?" "Uganda, Koboko." "Karibu, leo umetuletea Afrika Mashariki." Tulikaa kwenye busati tukazungumza mpaka nikaangalia saa. Hakuna ratiba ya kundi inayoweza kupanga mazungumzo kama hayo.

Kurudi nilipanda U6 kituo kimoja hadi Handelskai, treni ya mjini hadi Praterstern, kisha U1 kituo kimoja hadi Vorgartenstraße. Jipangie kufika gatini saa nzima kabla ya muda uliowekwa. Hata hivyo, ikitokea umeachwa, usiogope: ipigie meli simu. Bandari inayofuata mara nyingi ni Bratislava, na treni kutoka Vienna hufika huko kwa muda wa saa moja hivi.

Neno kwa wenye mto wao

Sisemi kwamba matembezi ya kundi hayafai. Kwa asiyeweza kutembea mwendo mrefu, kwa anayesafiri na watoto wadogo, kiongozi ni msaada, na binti yangu alifurahia Schönbrunn. Lakini mwenye afya na saa sita mkononi asiogope mji. Vienna ilinipokea kwa maji ya bure, vibao vinavyosomeka, mabenchi ya kupumzikia, treni zisizochelewa na ramani kila kituoni. Mambo hayo ndiyo yanayompa mgeni uhuru wa kutembea peke yake, na hakuna hata moja kati yake linalozidi uwezo wetu wa kuanza.

Ninaziomba serikali za wilaya za Pakwach na Moyo zilitazame hilo. Watalii wanaopanda boti Paraa kwenda kuona maporomoko ya Murchison wako karibu na Wadelai, na Dufile iko kando ya mto uleule. Ngome hizo mbili zinastahili vibao vyenye maelezo kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za wenyeji, njia iliyosafishwa, kivuli na maji ya kunywa, pamoja na vijana wa kijijini waliofunzwa historia ya mahali pao. Na shule za Arua, Koboko, Yumbe na Nebbi ziwapeleke wanafunzi huko kabla hawajafanya mtihani juu ya Emin Pasha.

Kwako msomaji, nina neno hili. Ukipata safari ya mtoni, iwe Danube au Nile, usingoje uambiwe cha kutazama. Waulize wazee wako kabla hujaondoka, soma, andika swali moja kwenye karatasi, na uwe wa kwanza kushuka.